Naagarahaavu (1972): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya mapenzi na nyimbo iliyozaliwa na riwaya tatu

Naagarahaavu ni filamu gani?

Ni filamu ya Kikannada iliyoingia kwenye majumba ya sinema tarehe 29 Desemba 1972. Mwongozaji wake ni Puttanna Kanagal na mtayarishaji ni N. Veeraswamy. Jina lake maana yake ni swila, na swila huyo ni Ramachari, kijana wa chuo mwenye moyo mweupe na hasira za karibu. Filamu inafuata maisha yake, wasichana wawili aliowapenda kwa nyakati tofauti, na mwalimu wake wa zamani ambaye neno lake kwa Ramachari ni amri.

Ukiulizwa kama ni filamu ya mapenzi, jibu ni ndiyo. Ila mapenzi yanayouma zaidi humo ndani ni yale ya mwalimu na mwanafunzi, na ndiyo yanayoharibu yale mengine yote. Mtu akiitazama kwa kusubiri tu kuona kama kijana atampata msichana, nusu ya filamu itampita.

Kikannada ni Kihindi cha kusini?

Hapana. Kikannada ni lugha ya ukoo wa Kidravidi, ndugu wa Kitamil na Kitelugu, na ina maandishi yake yenyewe ya mviringo. Ni lugha ya jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, ambako mji mkuu ni Bengaluru. Katika sensa ya mwaka 2011, zaidi ya watu milioni 43 waliitaja kuwa lugha yao ya mama. Filamu hii ilipotoka jimbo lilikuwa bado linaitwa Mysore. Jina la Karnataka lilianza rasmi tarehe 1 Novemba 1973.

Huku kwetu pwani vizazi vimekulia kwenye picha za Kihindi kutoka Bombay, na kwa wengi "filamu ya Kihindi" imekuwa jina la kila filamu inayotoka India. Ni hasara kwetu, kwa sababu miaka ya 1960 na 1970 Wakannada walikuwa wakifanya jambo ambalo Bombay haikulifanya kwa uzito ule: walikuwa wakichukua riwaya za waandishi wao, moja baada ya nyingine, na kuzigeuza filamu za kuimbwa.

Imetoka kwenye riwaya gani?

Tatu, zote za mwandishi mmoja, T. R. Subba Rao, ambaye Wakannada humwita kwa kifupi Ta Ra Su. Ya kwanza ni *Nagarahavu* yenyewe. Ya pili ni *Ondu Gandu Eradu Hennu*, yaani "Mwanamume Mmoja, Wanawake Wawili". Ya tatu ni *Sarpa Matsara*, jina linalobeba maana ya husuda ya nyoka. Puttanna alizisuka zikawa hadithi moja.

Ta Ra Su hakuwa mwandishi mdogo. Alizaliwa mwaka 1920, akafariki mwaka 1984, na sehemu kubwa ya maisha yake ya uandishi aliitoa kwa Chitradurga, mji wa ngome na majabali ambao pia ndio mahali pa hadithi hii. Riwaya yake ya kihistoria kuhusu kuanguka kwa ngome hiyo, *Durgastamana*, ilipewa tuzo ya Sahitya Akademi, chuo cha taifa cha fasihi cha India, mwaka 1985, akiwa ameshafariki.

Ni kweli mwandishi hakuipenda filamu?

Ni kweli, na hakuficha. Maneno yake yanakumbukwa Karnataka hadi leo: kwamba Puttanna amemchukua swila wake akamfanya nyoka wa bwawani, yule asiye na sumu.

Malalamiko hayo yasipuuzwe. Riwaya inaweza kukaa ndani ya kichwa cha mtu kurasa nyingi, ikachimba aibu ya Ramachari mpaka msomaji aone inakotoka. Filamu haina nafasi hiyo. Kijana anaonekana kwa nje: anakimbia, anapiga, anacheka, anapanda majabali. Mwandishi aliyekaa miaka na mhusika wake lazima aumie akiona nusu ya mawazo ya mhusika huyo yamebaki kwenye karatasi.

Hata hivyo mimi namtetea Puttanna. Sumu aliyoipunguza kwenye mawazo ya Ramachari aliirudisha kwenye uhusiano wake na mwalimu, na humo ndani imekolea hasa. Na pale ambapo kitabu kingeeleza, yeye aliweka wimbo.

Puttanna Kanagal alikuwa nani?

Alizaliwa mwaka 1933, akajifunza kazi chini ya mwongozaji B. R. Panthulu, na filamu yake ya kwanza ya Kikannada, *Belli Moda* ya mwaka 1967, ilitokana na riwaya ya mwandishi mwanamke, Triveni. Mwaka 1969 akafanya *Gejje Pooje*, kutoka kwa M. K. Indira, na mwaka 1971 akarudi kwa Triveni na *Sharapanjara*, hadithi ya mwanamke anayeugua akili na jinsi jamaa zake wanavyomkataa hata baada ya kupona. Kwa hiyo alipofika Naagarahaavu hakuwa mgeni wa kazi ya kutoa filamu kitabuni. Alifariki mwaka 1985. Serikali ya Karnataka hutoa tuzo ya waongozaji yenye jina lake.

Hadithi inakwendaje?

Ramachari anaishi Chitradurga. Darasani anakamatwa akinakili, na mkuu wa chuo anamdhalilisha mbele ya wenzake. Usiku anamvizia mkuu huyo na kumfunga kwenye nguzo akiwa nusu uchi. Hapo tayari tumeshamjua: makosa yake ni ya kweli, lakini kinachomchoma ni aibu, wala si adhabu.

Mji mzima unamwona mkorofi. Mtu mmoja tu anamwona vingine: Mwalimu Chamayya, aliyemfundisha akiwa mdogo. Chamayya na mkewe Tungamma hawana mtoto, na Ramachari wamemweka pale ambapo mtoto wao angekaa. Wazazi wake mwenyewe hawamwezi. Chamayya akisema neno moja, kijana anainamisha kichwa.

Rafiki yake Varada ana dada, Alamelu. Jaleela, kijana mhuni, anamsumbua Alamelu njiani, na Varada hana ubavu wa kumzuia. Anamwomba Ramachari msaada, na kwa msaada huo anaahidi kusimama naye kuhusu dada yake. Ramachari anapigana na Jaleela, anamshinda, na mapenzi yanaota kati yake na Alamelu. Siku ya kutimiza ahadi, Varada anarudi nyuma. Mila za tabaka haziruhusu ndoa hiyo. Anayetumwa kumshawishi Ramachari aachie ni Mwalimu Chamayya, na Ramachari, kwa heshima ya mwalimu, anaachia.

Alamelu anaozeshwa kwingine. Baadaye sana Ramachari anakutana naye hotelini na kukuta kwamba mume yule alimuuza, sasa anaishi kwa kuuza mwili.

Msichana wa pili ni Margaret, Mkristo, mchangamfu, asiyemwogopa Ramachari hata kidogo. Safari hii pia mji unapinga, safari hii pia Chamayya anatumwa. Lakini Ramachari ameshaona utii wake wa kwanza ulimfikisha wapi Alamelu.

Je, Mwalimu Chamayya ni mtu mbaya?

Hili ndilo swali ambalo watu huligombania zaidi, na ndilo ambalo kwangu linaifanya filamu idumu.

Si mbaya. K. S. Ashwath anamwigiza kwa upole ambao huwezi kuuchukia: sauti ya chini, macho yanayomfuata kijana kila anapogeuka. Anampenda Ramachari kuliko mtu yeyote mjini. Anapomwambia amwache Alamelu, anaamini anamwokoa na mji usiosamehe. Hana chuki, hana tamaa, hapati faida yoyote.

Ila anafanya jambo zito. Anautumia upendo wa kijana kumnyamazisha. Wengine wangetumia fimbo au polisi, na Ramachari angewashinda wote. Chamayya anatumia kitu pekee ambacho Ramachari hana kinga nacho. Na analipa nani? Alamelu, ambaye hakuulizwa. Filamu haimtukani mwalimu, wala haimsafishi. Inamwacha tumwone akiwa mwema na akiwa na hatia kwa wakati mmoja.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulielewa hili haraka. Tumelelewa kwamba mkubwa hajibiwi, na kwamba mwalimu ni mzazi. Naagarahaavu inauliza kijana afanye nini pale ambapo mkubwa anayempenda kwa dhati amekosea, na haimpi njia rahisi ya kutokea.

Nyimbo zina kazi gani? Si ni za kuburudisha tu?

Hapana, na hapa ndipo ningeomba mtazamaji asibonyeze kitufe cha kuruka mbele. Muziki ni wa Vijaya Bhaskar, mtunzi aliyefanya kazi na Puttanna kwenye filamu nyingi. Maneno yaliandikwa na Vijaya Narasimha, Chi. Udayashankar na R. N. Jayagopal. Waimbaji wakuu ni P. B. Srinivas, S. P. Balasubrahmanyam na P. Susheela.

Anza na *Haavina Dwesha*, wa Balasubrahmanyam. Ramachari anaimba kwamba nyoka huweka kisasi miaka 12, lakini ghadhabu yake yeye ni ya miaka 100. Ni maneno ya kijana aliyetendwa na asiyejua pa kupeleka maumivu yake. Yale ambayo riwaya ingeyachambua polepole, wimbo unayatupa mbele yako kwa dakika chache, huku mwili wa mwigizaji ukihangaika kwenye majabali. Hata asiyejua neno la Kikannada ataelewa kwamba mtu huyu hatamaliza vizuri.

*Baare Baare* ni kinyume chake. P. B. Srinivas anaimba kwa sauti laini, Ramachari anamwita Alamelu, nyota yake, na picha nzima inakwenda kwa mwendo wa polepole. Unatajwa kuwa wimbo wa kwanza wa Kikannada kupigwa wote namna hiyo. Siku hizi mwendo wa polepole ni jambo la simu ya mkononi, lakini tazama unavyotumika hapa: kijana ambaye filamu nzima hajatulia, mara hii ametulia. Muda umesimama kwa ajili yake. Ni mara moja tu anapewa raha hiyo, na Puttanna anaikawiza kana kwamba anajua haitarudi.

Kisha kuna *Karpoorada Bombe* wa Susheela, ambamo mwanamke anajifananisha na mwanasesere wa kafuri. Kafuri ikiguswa na moto inaungua yote wala haiachi majivu. Anayekumbuka wimbo huu akimfikia Alamelu wa hotelini ataona kwamba alishaambiwa mapema. Na huko hotelini Susheela anarudi na *Kathe Heluve*, ambamo Alamelu anasimulia kisa chake mwenyewe. Katika hadithi ambayo wanaume watatu waliamua mambo yake bila yeye, kaka, mpenzi na mwalimu, wimbo huo ndio nafasi yake ya kusema. Mimi nauweka juu ya nyimbo zote za filamu hii, ingawa najua wengi huchagua *Baare Baare*.

Obavva anayeimbwa kwenye filamu ni nani?

Ni shujaa wa kweli wa Chitradurga, wa karne ya 18. Mumewe alikuwa mlinzi wa ngome wakati wa utawala wa Madakari Nayaka, na jeshi la Hyder Ali wa Mysore lilikuwa limeizingira. Mume alikuwa nyumbani akila chakula cha mchana. Obavva alipotoka kwenda kuchota maji, aliona askari wa adui wakipenya kwenye ufa mwembamba wa jabali, mmoja mmoja, kwa kuwa haukuruhusu wawili. Akachukua mchi wa kutwangia, akasimama kando ya ufa, na kila kichwa kilichotokeza akakipiga, akaburuta maiti pembeni, akasubiri kinachofuata. Mumewe alimkuta na mchi uliolowa damu, katikati ya maiti. Inasimuliwa kwamba Obavva alifariki siku hiyo hiyo. Ngome yenyewe ilianguka baadaye, mwaka 1779. Wakannada humwita Onake Obavva, Obavva wa Mchi.

Kwenye filamu anaigizwa na Jayanthi, katika wimbo *Kannada Naadina Veera Ramaniya* wa P. B. Srinivas. Wapo wanaosema wimbo huu unakatiza hadithi. Mimi sioni hivyo. Ramachari amezaliwa mahali ambapo ushujaa umeandikwa kwenye mawe, lakini zama zake hazina adui wa kupigana naye isipokuwa majirani na desturi. Nguvu zake hazina kazi, zinageuka ukorofi.

Filamu ilipigwa wapi?

Chitradurga yenyewe, takriban kilomita 200 kutoka Bengaluru. Ngome yake ina kuta saba zinazozungukana, ndiyo maana huitwa ngome ya mizunguko saba. Majabali makubwa yamelaliana kila upande, na mpigapicha Chittibabu aliyatumia vizuri: watu wanaonekana wadogo chini yake, na Ramachari huonekana huru pale tu anapokuwa amepanda juu. Ufa wa Obavva bado upo, na wageni huoneshwa.

Stelingi ni nani? Kabla ya hapo alikuwa anajulikana?

Ni Vishnuvardhan. Jina lake la kuzaliwa ni Sampath Kumar. Jina la Vishnuvardhan alipewa na Puttanna. Alikuwa ameonekana kidogo kwenye *Vamsha Vriksha* ya mwaka 1971, nayo imetoka riwayani, lakini Naagarahaavu ndiyo iliyomtoa. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu ilipoanza kuoneshwa. Aliendelea kuigiza kwenye filamu zaidi ya 200, hadi alipofariki tarehe 30 Desemba 2009, miaka 37 na siku moja tangu swila wake aonekane mara ya kwanza.

Aarathi ni Alamelu, Shubha ni Margaret, Leelavathi ni Tungamma, Shivaram ni Varada. Jaleela ni Ambareesh, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza. Ana nafasi ndogo, anavuta sigara na kumrushia Alamelu maneno, akimwita bulbul na kumuuliza mbona hazungumzi. Kwa maneno hayo tu alishika vichwa vya watu. Baadaye akawa mwigizaji mkuu, mbunge, na waziri mdogo katika serikali ya India. Yeye na Vishnuvardhan, maadui kwenye filamu, walibaki marafiki wa maisha.

Kuna toleo la Kihindi?

Lipo. Puttanna mwenyewe aliongoza *Zehreela Insaan* ya mwaka 1974, Rishi Kapoor akiwa kijana, pamoja na Moushumi Chatterjee na Neetu Singh. Halikupata mapokezi kama ya lile la Kikannada. Lakini wapenzi wa nyimbo za zamani za Kihindi wanalijua bila kujua kwamba wanalijua: wimbo *O Hansini* wa Kishore Kumar, muziki wa R. D. Burman, umetoka humo. Mwaka huo huo wa 1974 hadithi ilifanywa pia kwa Kitelugu, *Kode Nagu*, na kwa Kitamil, *Raja Nagam*.

Kama unaweza kuona moja tu, tazama ya Kikannada. Rishi Kapoor alikuwa mwigizaji mzuri, ila majabali ya Chitradurga hayahamishiki.

Mwisho wake ukoje? (Ruka swali hili kama hujaitazama.)

Chamayya anamfuata Ramachari na Margaret mlimani. Anasihi, anabembeleza, anamkumbusha kijana yote yaliyopita kati yao. Ramachari amechoka kutii. Katika mabishano hayo hasira inampanda, na mwalimu anaporomoka kutoka kwenye jabali na kufa. Ramachari hakukusudia kumuua. Anapotambua alichofanya, hawezi kuendelea kuishi. Yeye na Margaret wanamfuata huko huko chini.

Wapo wanaoona mwisho huu ni wa kumwadhibu kijana kwa kutotii. Ningekubali kama filamu isingetuonesha Alamelu kwanza. Ramachari alitii mara moja, msichana mmoja akaangamia. Alikataa mara moja, wakaangamia watatu. Puttanna haelekezi kidole kwa kijana. Anakielekeza kwa jamii iliyomtuma mzee mwema kufanya kazi ya kikatili.

Inafaa kutazamwa na watoto?

Wadogo hapana, kwa sababu ya mwisho wake na ya yale yanayompata Alamelu. Vijana wa sekondari wanaweza, hasa wakiitazama na mtu mzima aliye tayari kubishana nao.

Nitafute toleo lipi?

Mwaka 2018 filamu ilisafishwa kidijitali, sauti ikapangwa upya kwa mfumo wa 7.1, ikarudishwa kwenye majumba ya sinema tarehe 20 Julai. Picha za toleo hilo ni safi kuliko nakala chakavu zilizozagaa. Hakikisha nakala yako ina maandishi ya tafsiri chini ya picha, maana mazungumzo ya Chamayya na Ramachari yana uzito wa kila sentensi.

Nikiipenda, nitazame ipi baada yake?

Kuna *Bangaarada Manushya*, ya mwaka huo huo wa 1972, ya mwongozaji Siddalingaiah na mwigizaji Rajkumar, kutoka kwenye riwaya ya T. K. Ramarao, inahusu kilimo na familia kuliko mapenzi. Anayetaka mapenzi na nyimbo hasa aende kwenye *Eradu Kanasu* ya mwaka 1974, kutoka riwaya ya Vani, yenye Rajkumar, Kalpana na Manjula na muziki wa Rajan na Nagendra. Humo mwanamume ameoa mke asiyemchagua huku moyo wake ukiwa kwa mwingine, na nyimbo zinabeba subira ya mke huyo.

Na kuna *Bandhana* ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Rajendra Singh Babu kutoka riwaya ya Usha Navaratnaram, muziki wa M. Ranga Rao. Vishnuvardhan amekuwa mtu mzima, daktari anayempenda mwanamke, Suhasini, ambaye moyo wake uko kwingine. Tazama hii baada ya Naagarahaavu, kwa mpangilio huo: utamwona mwigizaji yule yule aliyepasua majabali kwa hasira akiwa amejifunza kuumia bila kuinua sauti.